Tuwafuatilie Wagonjwa wa Moyo kama Tunavyowafuatilia wa Kliniki za VVU (CTC)

Kila nikisikia mhudumu wa afya akisema "huyu hazingatii dawa", hutamani aulize swali moja zaidi: anakwama wapi? Wagonjwa wa moyo ninaowafahamu si wakaidi. Wanaogopa kufa kama mtu mwingine yeyote.

Mama yangu mdogo ana moyo uliotanuka. Anaishi Morogoro, kliniki yake iko Dar es Salaam. Miongoni mwa dawa zake kuna furosemaidi, ile ya kupunguza maji mwilini. Ukiimeza, ndani ya saa moja unaanza kwenda haja ndogo, na unaendelea kwenda kwa saa kadhaa. Sasa mwambie mtu mzima apande basi na dawa hiyo tumboni, amwombe kondakta asimamishe gari kila baada ya muda mfupi, abiria wote wakimtazama. Hawezi. Kwa hiyo siku ya safari haimezi, na kesho yake asubuhi pia haimezi, kwa sababu akitoka kwenye foleni ya kliniki anapoteza nafasi. Anafika mbele ya daktari kifua kimembana, miguu imejaa, anagombezwa.

Mambo yalibadilika alipokutana na daktari kijana aliyemuuliza kwa upole siku gani huwa anairuka, na kwa nini. Akamwelekeza kwamba siku ya safari aimeze akishafika. Mazungumzo ya dakika chache tu.

Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri, wastani wa wagonjwa wanaotumia ipasavyo dawa za magonjwa ya kudumu ni asilimia 50 tu. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba ni ujinga wa watu wetu. Wapo wanaoacha kwa sababu presha imeshuka wakadhani wamepona, kumbe imeshuka kwa sababu ya dawa. Wapo wanaopata kikohozi kikavu kwa sababu ya enalapril au captopril. Hawakuambiwa kwamba dawa hizo huweza kukoholesha na kwamba ipo mbadala kama losartan, basi wananunua dawa ya kikohozi na ile ya moyo wanaiweka kabatini. Na wapo ambao hela imekwisha, wananunua vidonge vya wiki moja moja, au wanakula kimoja leo na kingine keshokutwa ili vifike mwisho wa mwezi. Huyu wa mwisho ukimpa mhadhara kuhusu umuhimu wa dawa unamwonea.

Kinachonikera ni kwamba nchi hii hii imeshaonyesha watu wanaweza kumeza dawa maisha yao yote. Nenda CTC. ARV, dawa za kufubaza VVU, zinatolewa bure. Mtu ambaye hali yake imetulia anapewa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Asipotokea tarehe yake anatafutwa kwa simu, na mhudumu wa ngazi ya jamii anaweza kumfuata hadi nyumbani. Wengi wanameza kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake. Mgonjwa wa moyo anatoka kliniki na cheti, anahangaika mwenyewe, na akipotea hakuna anayejua mpaka aletwe amebebwa.

Hata hilo la kidonge kimoja linawezekana kwenye moyo. Utafiti wa SECURE uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia wagonjwa karibu 2,500 wa Ulaya waliokuwa wamepata shambulio la moyo. Waliopewa aspirini, ramipril na atorvastatin ndani ya kidonge kimoja walizingatia dawa vizuri zaidi, na vifo vya moyo kwao vilikuwa vichache. Mwaka 2023 vidonge vya aina hiyo viliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sioni kwa nini bima zetu na bohari zetu za dawa zisianze kuviulizia.

Wanaoniumiza zaidi ni watoto waliougua homa ya rumatiki, ile inayoweza kuharibu moyo. Mtoto anatakiwa achomwe sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Sindano yenyewe inauma, na mtoto anaonekana mzima, anacheza mpira na wenzake. Mzazi anaona anamtesa bure. Akiacha, homa inaweza kurudi, na kila inaporudi inazidi kuharibu vali za moyo, hadi tunaanza kuzungumzia upasuaji Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na gharama ambazo familia haizimudu. Sindano hiyo inaweza kuchomwa kwenye zahanati ya kijijini. Kinachokosekana mara nyingi ni daftari lenye jina la mtoto na tarehe yake, na mtu aliyepewa jukumu la kumpigia mama simu tarehe ikipita.