Hivi jamaa wa kubeba makorokoro mnawapaga ngapi ya soda?

Jamani mwenye jibu anipe haraka, maana hawa vijana wa lori la kwenda kutupa vitu chakavu wametoka hapa sasa hivi na jasho linanitoka kuliko wao. Kochi wamebeba wao, friji wamebeba wao, mimi nimeshika noti moja tu na ndiyo iliyonimaliza.

Bei tulishapatana na ofisi yao kwenye simu. Si mnajua wanavyohesabu hawa, hawaangalii una vitu vingapi, wanaangalia umejaza lori kiasi gani, robo, nusu, au zima. Kwa hiyo kochi ambalo ndani yake ni sponji na upepo mtupu linakula nusu lori na unalipia. Basi ujitie mjanja uwe na mawe na vifusi, vinavyokaa padogo, hapo wanageuka wanataka kilo, kwa sababu dampo na wao wanapimiwa mzigo kwenye mizani. Friji likaongezewa ya kwake, eti lina gesi, lazima fundi aitoe kwanza ndiyo likakatwe chuma chakavu. Sawa, ile gesi ikiachiwa hewani inaharibu, hilo nalijua. Lakini friji lenyewe halijagandisha kitu tangu watoto wako chekechea, hiyo gesi ilikuwa inafanya kazi gani humo? Makopo ya rangi wakayaangalia tu, wakasema hayo hatubebi, wakayaacha palepale.

Haya, nimelipa, risiti nimepewa, kazi imeisha. Hawaondoki. Mmoja anakaza kamba ya turubai ambayo ameshaikaza. Mwingine anakung'uta suruali, anaangalia juu, anaangalia geti, anasema "haya mzee", halafu hasogei. Na mimi mfukoni nina noti moja, kubwa, na wao wako wawili.

Sasa unampa nani? Mkubwa ndiye dereva, ndiye mwenye kalamu na fomu, ndiye aliyekuwa anasema inua, inua, kushoto, siyo kushoto kwangu, kushoto kwako. Utingo wake ndiye aliyekuwa upande wa chini kwenye ngazi, anashuka kinyumenyume, kochi limemkalia kifuani, na pale kwenye kona akasimama nalo muda wote dereva anatafakari. Ukimpa dereva atasema tutagawana, na mimi nimeajiriwa na watu, najua "tutagawana" huwa inaishia wapi. Ukimpa utingo, dereva anaona umemvunjia heshima mbele ya dogo wake.

Nikasema nitumie utu uzima. Nikaikunja ile noti mpaka ikawa kama kidonge, nikaificha kiganjani, nikamwendea yule dogo na kumpa mkono wa shukrani, taratibu, kiungwana, kama mtu aliyezaliwa na hela zake. Dogo ana glovu. Zile nene za kazi. Hakuhisi kitu. Akanitikisa mkono kwa furaha zote, noti ikadondoka chini.

Dereva akaiona. "Mzee umeangusha hela."

"Sijaangusha."

"Umeangusha mzee wangu, mi nimeiona inatoka mkononi kwako."

Akaiokota, akaifuta vumbi, akanirudishia kwa mikono miwili. Muungwana kweli, hapo sina la kusema. Nikamwambia basi hiyo ni yenu, ya soda. Akaikunjua. Akaitazama. Akamtazama mwenzake. Nami nimesimama pale na kifua mbele, nasubiri shukrani yangu, mara sauti ya mama watoto dirishani: "Baba Nanii, kubwa hiyo! Waulize kama wana chenji!"

Ardhi ikagoma kupasuka. Na yule dogo, bila kinyongo, akavua glovu, akaingiza mkono mfukoni, akaanza kunihesabia sarafu zake mwenyewe. Acha mwanangu, acha, nasema acha!

Hapa ndipo ninapochoka mimi. Mtu anashuka ngazi na godoro limelowa, anashika vitu ambavyo mwenyewe nilikuwa navisogeza kwa fimbo, halafu riziki yake inategemea kama mimi leo nina noti ndogo au sina? Kwani ofisi ikiandika palepale kwenye bei kwamba humu kuna ya vijana, kalamu itavunjika? Tungelipa tukanyamaza!

Shemeji yangu anasema toa asilimia 10 ya bili. Ya bili ipi? Bili yangu ilipima nafasi kwenye lori, ngazi haizijui kabisa. Mwingine ananiambia wape maji baridi inatosha. Maji baridi, na friji wameondoka nalo! Jirani yeye anajisifu huwa anawaachia vitu vizuri wakauze. Hiyo redio yake naijua, haijawahi kutoa sauti.

Na ofisi imeshanitumia meseji niwape nyota.

Kilichobaki hapa ni boksi la waya na chaja, lenyewe halikufika hata kwenye lori, mama watoto alilizuia mlangoni akasema ipo siku. Siku gani? Kuna chaja humo ya pini nene ya zamani, simu yake ilitumbukia chooni tukaizika kwa heshima. Nimesema nalitoa leo hii, anasema nikaulizie kwanza kwa jirani kama hawana simu ya pini ile. Natafuta ndala zangu sizioni, natumaini hazijapanda lori.