Siyo bomu, mzee

Najua mmeshasikia. Jamaa yangu ameshasambaza kwamba nimetimua watu ofisini Kariakoo kwa tishio la bomu huku mwenyewe niko Morogoro nakula ndafu. Narekebisha: hao "watu" alikuwa mlinzi mmoja. Na ndafu sikuimaliza.

Ilikuwa Jumamosi, sendofu ya dada yangu. Laptopu yangu imefungwa kwenye projekta inaonyesha picha za bibi harusi tangu anatambaa. Picha zenyewe ziko kwenye diski ya nje. Hiyo diski iwekeni akilini, tutairudia. Mara ujumbe wa bosi: ankara haziendi kwa wateja, seva imegoma kutuma barua pepe. Mwenye akili zake angejibu "Jumatatu, bosi". Mimi nikajibu "dakika mbili".

Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani iliyostaafu, nimeiwekea Ubuntu, mfumo wa familia ya Linux, inakaa chini ya meza ya stoo. Ilikuwa na siku 140 haijazimwa, kwa umeme wetu huu, na hizo siku nilikuwa nazitaja hata misibani. Nikaingia kwa Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu, nikaona ugonjwa: DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Seva inauliza majina ya tovuti, haijibiwi. Dawa ni kufungua faili la netplan, lenye mipangilio ya mtandao, kuandika 1.1.1.1, anwani ya DNS nyingine ya kuuliza, kwisha.

Sasa hesabuni hizo moja ziko ngapi. Nne. Kidole gumba kina mafuta ya ndafu, kioo kinateleza, nikaandika moja zangu nne mahali pake, na ya tano ikarukia mstari wa juu, kwenye anwani ya seva yenyewe. 192.168.1.10 ikawa 192.168.11.10. Sikuiona. Maandishi ya Termux kwenye simu yangu ni sisimizi kwenye sukari.

Halafu amri ziko mbili. Ipo netplan try, inayoyajaribu mabadiliko, na usipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudisha ya zamani. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi. Na ipo netplan apply, ambayo haina mjadala. Nikaandika apply, nikabonyeza Enter, nikang'ata mfupa.

Kimya.

Nikabonyeza Enter tena. Mara tisa. Aliyewahi kukata tawi alilokalia anaujua ule ubaridi unaoanzia kwenye ndewe za masikio.

Wenzangu wa Linux hapa mtanicheka, na haki yenu. Faili limeshahifadhiwa, kuzima na kuwasha hakubadilishi kitu. Nalijua hilo, na hata saa ile nililijua. Ila mtu akichanganyikiwa mkono unakimbilia swichi, na swichi ya karibu ilikuwa mlinzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Harusi inaendaje?"

"Sendofu, mzee, inaendelea. Nakuomba uingie stoo, ile kompyuta ya chini ya meza, ushikilie kitufe mpaka izime. Halafu uiwashe."

Mzee ni mgambo wa zamani. Ukimpa agizo analirudia lote kwanza ndipo anatekeleza. Akarudia, akazima, akawasha. Nikasikia feni inanguruma simuni. Nikajiona fundi.

"Kijana, kuna vinyota vyekundu."

"Vinyota?"

"Vinakwenda kulia, vinarudi kushoto. Na kuna saa."

"Saa gani, mzee?"

"Inahesabu. Sekunde kumi na nne. Kumi na tano. Mwisho wake wameandika dakika moja na nusu."

Magoti yakalegea. Mwezi wa pili nilikuwa nimeandika mstari kwenye fstab, faili la orodha ya diski: seva ikiamka, iitafute diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Sikuweka nofail, lile neno dogo linaloiambia kwamba isipoiona iendelee na safari. Na kwa kuwa seva haikuwahi kuzimwa, ule mstari ulikuwa umejilaza tu kama nyoka darini. Leo seva imeamka Kariakoo, inaitafuta diski kwa sekunde 90 kwa uaminifu wote, na diski iko Morogoro, hatua kumi kutoka niliposimama, inaonyesha dada yangu akiwa chekechea hana meno ya mbele.

"Arobaini, kijana."

"Iache tu ihesabu, mzee."

"Ikifika mwisho inafanyaje?"

Nikasema "inaacha". Sauti yangu hata mimi sikuiamini.

"Sitini. Sitini na moja." Nikaanza kusikia buti. Mzee alikuwa anarudi kinyumenyume huku anahesabu, sauti inaenda mbali na kompyuta. "Themanini na nane. Themanini na tisa." Akanyamaza. Nikamsikia anasogea tena, taratibu, kisha akaanza kusoma herufi mojamoja, kama anayetaja namba ya gari lililogonga mtu likakimbia. Wai. O. Yu. Nikamwacha asome. I. Emu. I. Ara.

Akakatisha. Kiingereza mzee hana, ila neno hilo moja analo. Limeandikwa kwenye mabasi yote ya mikoani, kwenye kile kioo chenye nyundo.

"Kijana. Hii ni imejensi."

Filimbi iliyofuata, nahisi hata waliolala Ilala waligeuka upande wa pili. Kati ya filimbi na filimbi ananiambia anampigia bosi, kisha 114 ya zimamoto, ndio utaratibu aliofundishwa, na kwamba mimi nikae mbali na chombo. Chombo! Niko Morogoro! Nilikuwa nje ya ukumbi, chini ya dirisha, spika zinatetemesha kioo. Nikajaza mapafu:

"SIYO BOMU, MZEE! HAKUNA BOMU!"

MC alikuwa ameshakata muziki. Alikuwa anawaita kaka za bibi harusi waje wapokee keki.

Kijiko kimoja kikaanguka. Shangazi yangu mmoja akaingia chini ya meza na sahani yake, hakuiacha. Ukutani dada wa chekechea anaendelea kucheka na mapengo yake, na dada mwenyewe, kwenye gauni la laki ngapi sijui, ameshika kisu cha keki ananiangalia dirishani. Nikainua simu kidogo, kama kumwonyesha. Sijui nilitaka aone nini.

Ya baada ya hapo hayana maana. Zimamoto hawakupigiwa. Bosi aliniuliza kitu kimoja tu, "ndiyo dakika mbili hizo?" Alfajiri nikapanda treni ya SGR, nikafika stoo, nikaongeza nofail, nikafuta ile moja, ankara zikaondoka. Kazi yote dakika kumi na moja. Siku 140 zimerudi sifuri na sitaki kuulizwa.

Mzee akiniona getini na begi ananipigia saluti, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Kile kidude umekuja nacho?"

Shida iliyobaki ni video ya sendofu. Imetoka jana, na sauti yangu imo, safi kuliko ya MC. Mpiga video akasema kuiondoa ni elfu hamsini. Nikatanguliza ishirini, akanitumia kipande cha kuonja. Amekata "siyo". "Bomu" ameliacha.