Je, ushahidi wa panya unatosha kupiga kemikali marufuku?

Mwaka 1977, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha viuatilifu huko Lathrop, California, waligundua katika soga za wakati wa chakula kwamba wengi wao hawakuwa wamepata mtoto tangu waanze kazi pale. Wakapimwa. Mbegu za kiume zilikuwa chache mno, na kwa wengine hazikuwapo kabisa. Chanzo kilikuwa DBCP, dawa ya kuua minyoo inayoshambulia mizizi ya mimea.

Kinachokera ni kwamba habari hizo hazikuwa ngeni. Watafiti wa Dow na Shell, watengenezaji wa dawa hiyo, walikwishachapisha mwaka 1961 kwamba panya waliovuta mvuke wake walinywea korodani. Dawa ikauzwa miaka mingine 16.

Wanaopinga udhibiti wa haraka wana hoja, na si za kubeza. Panya si binadamu. Minyoo ile hushusha mavuno kweli, na anayeumia kwanza ni mkulima. Tena kukataza kwa pupa huweza kuleta mbadala usiopimwa: bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, ilipoanza kuondolewa, viwanda vingi vilikimbilia bisfenoli S, ndugu yake wa damu, ambayo nayo sasa inashukiwa kuvuruga homoni. Wataalamu wenyewe wanavutana. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango salama cha bisfenoli A mara 20,000. Taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari ikaikataa hesabu hiyo.

Kwa bisfenoli A, hoja hizo nazipa uzito. Kwa DBCP hazisimami. Sumu inayochoma macho hujulikana siku hiyohiyo. Inayoharibu uzazi hukaa kimya mpaka mtu atafute mtoto, na hata hapo, kwetu, wa kwanza kulaumiwa ni mke. Anayesubiri ushahidi wa binadamu amewageuza vibarua kuwa wanyama wa maabara bila kuwauliza. Mwaka huohuo wa 1977, baraza la wakulima wa mapichi Marekani liliiandikia serikali likipendekeza kazi ya kushika dawa hiyo wapewe wazee, au watu wasiotaka watoto. Yaani utasa ukawa marupurupu.

Lakini tatizo gumu zaidi ni mipaka ya nchi. Marekani ilizuia karibu matumizi yote mwaka 1979, ikayaachia mananasi ya Hawaii hadi 1985. Kampuni ya matunda ya Standard Fruit, iliyokuwa na mashamba ya migomba Amerika ya Kati, iliishinikiza Dow iendelee kuipelekea dawa hata baada ya habari za Lathrop kuenea. Kesi za vibarua wa huko zimezungushwa mahakamani kwa miongo. Mkataba wa Rotterdam wa 1998 sasa unaitaka nchi inayouza nje kemikali iliyoipiga marufuku kwake iiarifu nchi inayopokea. Ni taarifa tu: uamuzi wa kuikataa shehena unabaki kwa mpokeaji, awe na maabara ya kuipima au asiwe nayo.