Fedha za semina ziende leba

Tukisikia kwamba wakunga wa wilaya fulani wamepewa mafunzo, wengi wetu tunajua yalivyokuwa: ukumbi, projekta, chai ya saa nne, vyeti, posho. Sina ugomvi na posho. Mkunga anayetoka zahanati ya mbali anastahili nauli na malazi. Ninachokipinga ni imani kwamba mtu akishasikiliza siku nzima, mikono yake nayo imejifunza.

Jambo hili limeshapimwa, tena hapa hapa Tanzania. Mwaka 2010 Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, iliwapa watumishi wake mafunzo ya siku moja ya kumsaidia kichanga asiyepumua. Miezi saba baadaye walijaribiwa kwa mwanasesere wa mazoezi, wakafanya vizuri kuliko walivyofanya kabla ya mafunzo. Lakini leba, kwa watoto wenyewe, utendaji haukubadilika.

Kilichofuata ndicho ninachotamani kila mganga mkuu wa wilaya akijue. Kuanzia 2011 mafunzo yalihamia kazini: mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, na kikao cha kama dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Watumishi ni wale wale, somo ni lile lile.

Sababu inaeleweka ukifikiria kazi yenyewe. Mtoto asiyelia anatakiwa awe ameanza kupumua, au kupewa hewa, kabla dakika ya kwanza haijaisha. Wakunga huiita dakika ya dhahabu. Umkaushe, umsugue mgongo, na kama bado hapumui, umwekee kinyago na kuanza kubonyeza ambu, yaani mfuko wa kusukuma hewa. Kidevu kikiinama, au kinyago kikiacha upenyo shavuni, hewa inatoka pembeni na kifua hakipandi. Hilo halifundishiki kwa slaidi. Mwanasesere wa mazoezi hujazwa maji akawa na uzito wa mtoto, na kifua chake hupanda pale tu unapopatia. Ukikosea, unaona papo hapo, na hakuna aliyeumia.

Utafiti wa Haydom haukubaki peke yake. Mpango wa Safer Births ulipeleka mazoezi ya namna hii, pamoja na vifaa na ufuatiliaji wa takwimu, katika vituo 30 vya mikoa 5: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yanaonyesha vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vilipungua kwa takriban asilimia 40.

Eneo hili la vichanga ndilo hasa linalohitaji nguvu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo vya kina mama vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Ni hatua kubwa. Ila vifo vya vichanga wa chini ya mwezi mmoja vilikuwa 24 kwa kila 1,000, wakati katika utafiti ule wa 2015/16 vilikuwa 25. Karibu havijasogea.

Kikwazo si fedha peke yake. Wapo wakunga wakongwe wanaoona haya kushika mwanasesere mbele ya wanafunzi, wakihofia kuonekana hawajui. Hilo linatibika kwa muuguzi kiongozi kuanza yeye, kila wiki, hadharani. Na vyuoni bado mwanasesere hufungiwa kabatini asichakae, anatolewa karibu na mitihani, wanafunzi wanamzunguka na wengi wao hawamgusi. Mimi ningependa achakae. Akichakaa anunuliwe mwingine.

Kwa hiyo, Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, yaani mpango wa shughuli na bajeti ya afya, unapoandaliwa, naomba semina moja ya ukumbini ipunguzwe. Fedha hizo zinunue wanasesere, ambu na vinyago vya mazoezi, na meza ya kuviweka hatua chache kutoka leba. Kila kituo kiwe na mkunga mmoja ambaye kusimamia mazoezi kumeandikwa kwenye majukumu yake na kupangiwa muda ndani ya zamu, si kazi ya kujitolea baada ya kukesha usiku kucha.