Laki na nusu kwa mlo wa wawili Dodoma: tunalipia nini?

Bei ya mlo wa kifahari hapa Dodoma haipangwi kwa kumtazama mkazi wa Dodoma. Inapangwa kwa kumtazama mtu aliyeshuka jana kwenye treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, kafikia hotelini, kesho asubuhi ana kikao Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na mfukoni ana posho ya kujikimu. Ubishi wa kama migahawa ya bei mbaya ina maana yoyote kwa sisi tunaoishi hapa huibuka karibu kila mshahara unapotoka, na mara nyingi huishia kwenye ladha: huyu anasema chakula kilikuwa kitamu ajabu, yule anasema alirudi nyumbani akasonga ugali. Ladha ina nafasi yake. Lakini ukianza na ladha hutaelewa kwa nini steki inauzwa elfu arobaini kwenye mji ambao ng'ombe wanakatiza lami mbele ya gari lako.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika 1973, na kwa zaidi ya miaka arobaini mji uliishi kwa misimu. Bunge likikutana, vyumba vinajaa. Likiahirishwa, wahudumu wanapiga soga mlangoni. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba sasa Serikali inahama kweli. Wizara zikaja, Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji, sensa ya 2022 ikahesabu watu 765,179 ndani ya jiji, na Julai 2024 treni ya umeme ikaanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam. Biashara ya chakula ikafuata nyuma. Zamani mgeni ulimpeleka kula kuku wa Chako ni Chako, au nyama choma, mkamaliza. Leo ukizunguka Kisasa, Ilazo na Area D utakuta viti vya velveti, taa hafifu za manjano, menyu yenye jalada la ngozi na mhudumu anayekuuliza kama maji unataka ya baridi, ya kawaida au yenye gesi.

Weka hesabu mbili mezani. Mwaka 2022 Serikali ilipandisha posho za safari za ndani: kiwango cha chini kutoka 80,000 hadi 100,000 kwa siku, cha juu kutoka 120,000 hadi 250,000. Mwenye posho ya juu akila sahani ya 40,000 hajatikisika. Upande wa pili, kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Mlo wa watu wawili wenye vinywaji na kitu kitamu cha kumalizia, tuseme 150,000, unameza asilimia 30 ya mshahara huo kabla ya makato. Hata ofisa wa milioni moja na nusu anaacha pale sehemu ya kumi ya mwezi wake kwa saa mbili za jioni. Watu hawa wawili, wa posho na wa mshahara, wanakaa meza jirani na wanasoma menyu ile ile. Mmoja anakula hela ya safari, mwingine anakula ada ya mtoto. Mwenye mgahawa naye, kama mfanyabiashara yeyote mwenye akili zake, anamfuata anayeweza kulipa.

Tusimwonee mwenye mgahawa, hata hivyo. Chukua hiyo sahani ya 40,000. Ndani yake kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, yaani kama 6,100, ambayo si yake. Zinabaki 33,900. Kanuni inayofuatwa na migahawa sehemu nyingi duniani ni kwamba malighafi isizidi karibu theluthi ya mauzo, kwa hiyo nyama, viazi, mafuta na viungo vinachukua kama elfu kumi au kumi na moja. Mishahara inakula kiasi kama hicho. Kinachobaki kinagawanywa kwa pango, gesi, umeme, jenereta siku umeme ukikatika, glasi zinazovunjika, na samaki aliyetupwa kwa sababu Jumanne hakuja mtu. Faida yenyewe ni nyembamba. Hata walio kileleni wanahema: mgahawa wa Noma wa Copenhagen, uliotajwa miaka mingi miongoni mwa bora duniani, ulitangaza Januari 2023 kwamba utaacha huduma ya kawaida, na mpishi wake René Redzepi akakiri kwamba mtindo ule wa biashara haubebeki tena.

Mama lishe wa soko la Majengo yuko kwenye dunia nyingine kabisa. Sahani yake ya wali maharage haifiki elfu tatu. Hatozi VAT, maana tangu 2023 anayelazimika kusajiliwa ni mwenye mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na yeye hata robo ya hapo hakaribii. Benchi ni la mbao, mkaa ananunua kwa debe, mshahara wa mpishi ni wake mwenyewe na haulipi. Kwa hiyo wanaopiga hesabu kwamba bei ya steki moja ingenunua sahani kumi na tano za wali wanalinganisha vitu viwili ambavyo vinafanana tu kwa kuwa vyote vinaingia mdomoni.

Ila utetezi huo wa mwenye mgahawa una makali upande wa pili. Kama malighafi ni elfu kumi kati ya arobaini, maana yake robo tatu ya hela yangu hainunui kitu cha kuliwa. Swali la haki basi ni hizo robo tatu zinaninunulia nini, na je, mimi mkazi nakihitaji?

Hapa ndipo napishana na wanaosema yote ni mbwembwe. Dodoma ni mji wa waliohamishwa. Watumishi wengi wamepanga vyumba viwili, familia imebaki Dar au Mwanza, na sebule, kama ipo, ina kitanda cha mdogo wake. Mtu huyu akitembelewa na wazazi au na mchumba atawakalisha wapi? Baa ya nyama choma Jumamosi jioni ina spika tatu zinazoshindana na mpira kwenye runinga. Mnazungumza kwa kupiga kelele kama makondakta. Kwenye mgahawa wa bei unanunua utulivu, choo kisafi, kiti kinachomfaa mama mwenye magoti mabovu, na ruhusa ya kukaa saa tatu bila mtu kuja kufuta meza kwa hasira. Kuna jambo jingine ambalo wanaume hatulisemi sana. Mwanamke akienda peke yake baa, kabla soda haijafika ameshaletewa salamu kutoka meza tatu. Dada zangu kadhaa wameniambia wanalipa elfu thelathini kwa saladi ambayo wangeitengeneza kwa elfu nne, na wanajua fika kwamba wanacholipia ni kuachwa wakae kwa amani. Sioni upumbavu hapo. Naona kodi ambayo wanawake wanalipa kwa tabia zetu.

Na tukizungumzia ubadhirifu, tuwe wakweli kidogo. Watu wale wale wanaoapa kwamba hawawezi kutoa laki na nusu mgahawani wanaitoa kwa kadi ya harusi ya watu wawili. Wanapanga foleni saa nne usiku kwa pilau lililopoa na kipande cha kuku wanachopimiwa na mtu mwenye koleo, halafu wanashukuru. Najua, mchango wa harusi ni deni la ujamaa, leo kwake kesho kwako. Lakini kwamba sisi si watu wa kutoa hela nyingi kwa chakula cha usiku mmoja, hilo si kweli.

Hoja ya ajira huwa inaletwa pia, nami sitakaa nayo sana. Ni kweli kijana aliyesomea upishi kwenye chuo cha ufundi cha VETA anahitaji jiko la kukomazia ujuzi, na migahawa hii inampa. Kama ile tozo ya huduma inayoongezwa chini ya bili inamfikia mhudumu aliyekuhudumia, hilo muulize mhudumu mwenyewe, tena kwa sauti ya chini.

Sasa ladha. Menyu za migahawa mingi ya kifahari ya mji huu zingeweza kuhamishiwa Masaki, mtaa wa wenye nazo Dar es Salaam, bila kubadilishwa herufi. Kamba wa bahari ya Hindi, pasta ya krimu, samaki wa baharini aliyesafiri kilomita 450 kwenye barafu, steki yenye mchuzi wa uyoga wa kopo. Mkazi anayelipia sahani hizo analipia gari la barafu na analipia umbali. Tena bidhaa inamfikia imechoka, kwa bei ya juu kuliko ya Dar na kwa ubora wa chini kuliko wa Dar. Hiyo ni biashara mbaya kwa mlaji hata akiwa na hela.

Na hii inatokea kwenye mkoa wa aina gani? Kongwa kuna ranchi ya taifa. Mpwapwa kuna kituo cha utafiti wa mifugo kilichozalisha aina ya ng'ombe inayoitwa kwa jina la mji huo. Mtera kuna perege na kambale. Mnada wa Msalato kila Jumamosi unachoma mbuzi ambaye watu wazima wenye magari makubwa wanamla kwa mikono juu ya sinia, wamejikunyata kivulini. Kuna uwele, mtama, karanga, mlenda, ubuyu. Mpishi mwenye ujuzi ana kazi ya maisha yake yote hapa, na hiyo ndiyo kazi ambayo mimi niko tayari kuilipia: mtu amchukue mbuzi yule yule wa Msalato, amtunze kwenye viungo usiku kucha, ampike polepole saa sita kwenye moto ambao mimi nyumbani na mtungi wangu wa kilo sita siwezi kuumudu. Pasta ya krimu naijua. Hata mdogo wangu wa kidato cha pili anaiweza.

Kwenye mvinyo mambo yanachekesha zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa California, akiwemo Hilke Plassmann, walichapisha jaribio ambalo watu walionjeshwa mvinyo wakiwa ndani ya mashine inayopiga picha ubongo. Mvinyo mmoja wa dola 90 waliunywa mara mbili: mara moja wakiambiwa ni wa dola 10, mara nyingine wakiambiwa bei yake halisi. Walipoambiwa bei kubwa waliusifia zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha nayo ikachangamka zaidi. Wapinzani wa migahawa ya kifahari hulitumia jaribio hilo kuonyesha kwamba watu wanadanganywa. Mimi nalisoma tofauti kidogo. Raha ilikuwepo kweli, mashine iliiona. Jirani yako anayesema alifurahia mlo wake wa laki na nusu hasemi uongo. Ila bei yenyewe ilikuwa sehemu ya kitoweo, na anayejua hivyo anaweza kukuuzia bei tupu.

Dodoma tunauziwa bei tupu kwenye chupa. Mizabibu inazaa mara mbili kwa mwaka hapa, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa halipati. Zabibu nyekundu za Makutupora na nyeupe za Chenin Blanc zinavunwa Hombolo, Mpunguzi na Chinangali, na wakulima wake wamelia soko miaka nenda rudi. Sheria yenyewe inapendelea mvinyo uliotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani, kwa kuutoza ushuru mdogo kuliko wa nje. Halafu unakaa kwenye kiti cha velveti, unauliza mvinyo wa Dodoma, unajibiwa, "Wa hapa hatuweki, mheshimiwa." (Mji huu ukivaa koti tu umeshakuwa mheshimiwa.) Kinacholetwa ni chupa ya Afrika Kusini kwa mara tatu ya bei ya dukani. Nimeonja mvinyo wa Dodoma uliokuwa mbaya, sikatai. Upo mtamu kama sharubati ya kikohozi. Lakini upo mkavu mzuri pia, na kazi ya mgahawa wa bei kubwa ni kuujua huo na kuutenganisha na ule mwingine kwa niaba yangu. Kama hata hilo hawafanyi, ujuzi ninaoulipia uko wapi?

Kwa hiyo, kwa mkazi anayelipa kutoka mshahara wake, jibu langu ni kwamba migahawa hii inafaa kwa siku chache zilizochaguliwa, pale unaponunua utulivu kwa makusudi na unajua unanunua utulivu: siku ya wazazi, siku ya posa, siku ya mazungumzo mazito yasiyofaa kusikika. Kama desturi ya kila mwisho wa mwezi haifai, si kwa sababu ni dhambi kula bata, bali kwa sababu bei imepimwa kwa mfuko wa mtu mwingine na chakula kimeagizwa kwa ajili ya mji mwingine. Anayetaka kuonja bila kuumia aende mchana wa katikati ya wiki nje ya vikao vya Bunge, wakati wahudumu wana muda na mpishi hajazidiwa. Na aulize, tena kila mara, wana nini kilichotoka hapa. Mwenye posho hataliuliza hilo swali. Kesho kutwa anarudi Dar na akifika atakula kamba wabichi.

Siku mgahawa mmoja wa hapa utakapoandika kwenye menyu yake mbuzi wa Msalato aliyepikwa usiku kucha, ugali wa uwele, mlenda wa karanga na glasi ya Makutupora mkavu, waweke elfu arobaini na tano na nitalipa. Hata bei ya mbuzi mnadani sitawauliza.