Kabla ya kuuliza mwalimu anasali wapi, omba daftari

Mwaka jana, mwezi wa nne, nilikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya darasa la tatu katika shule moja ya Kikristo hapa Masasi, ambayo sitaitaja, nikimsubiri mwalimu wa binti yangu. Ndani watoto walikuwa wanaimba pambio. Mwalimu anaongoza kwa sauti, makofi yanapigwa, na mwisho wakasali kwa kupokezana, mtoto mmoja mmoja, bila kubabaika. Nilisisimka. Nikajisemea, ada yangu imefika mahali pake.

Usiku ule, sahani zikiwa bado mezani, nikafungua daftari la hisabati. 403 kutoa 178. Mtoto kaandika 375. Pembeni yake vema kubwa, nyekundu, imeandikwa kwa mbwembwe. Chini yake 502 kutoa 236, jibu 334. Vema. Kurasa nne nzima ziko hivyo, na mwisho wa kila ukurasa mwalimu kaandika "Hongera, Mungu akubariki".

Nilimwita binti yangu anifanyie hesabu moja mbele yangu. Akafanya haraka, kwa raha kabisa. Kila safu alikuwa anatafuta namba kubwa na kuitoa ndogo, iwe juu au chini. Nane kutoa tatu, tano. Saba kutoa sifuri, saba. Hajawahi kuambiwa kwamba kuna kukopa, au aliambiwa siku alipokuwa na homa, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mtu aliyeyapa yale majibu vema hakuyasoma. Alipitisha kalamu tu.

Tangu siku ile nimekuwa mkorofi kidogo kwenye suala hili, na ndiyo maana naandika.

Wazazi wengi ninaowafahamu, tukitafuta shule ya Kikristo, tunamkagua mwalimu kama tunamkagua mchumba wa kijana wetu. Anasali wapi? Ameokoka? Amefunga ndoa kanisani? Ananywa? Msimu wa mabibo wapo wanaofika mbali zaidi, wanauliza kama mwalimu ameonekana kwenye uraka, ile pombe ya mabibo. Sisemi maswali hayo hayana maana. Mwenendo wa mtu anayekaa na mwanao saa saba kwa siku ni lazima uutake. Lakini baada ya hapo tunafunga mafaili. Hakuna anayeuliza cheti cha ualimu kilipatikana chuo gani na mwaka gani. Tunaona aibu. Tukimwita mtu "mtumishi", basi kumwomba cheti ni kama kumtilia shaka wokovu wake.

Cheti hakitukani wokovu wa mtu. Shule yoyote inayotambulika inapaswa kuwa na mafaili ya walimu wake, na mwalimu mkuu asiyetaka kukuambia tu kwamba fulani ana cheti au stashahada, na ya somo gani, ana jambo. Niliwahi kuuliza kwenye kikao cha wazazi, na mzazi mwenzangu akaniinamia akaninong'oneza, "Mama, hapa ni nyumba ya Mungu." Nikamjibu kwamba hata mganga wa hospitali ya Mkomaindo anasali, na bado nataka awe amesomea uganga.

Kwetu huku neno lenyewe linatuchanganya, tena kwa sababu nzuri. Ukienda vijiji vya Masasi, Newala au kule Ndanda, katekista anaitwa mwalimu. Anayefundisha kusoma, mwalimu. Zamani alikuwa mtu yuleyule. Waanglikana wa misheni ya UMCA walipofika Masasi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, na watawa Wakatoliki, Wabenediktini, walipojenga Ndanda mwaka 1906, shule na kanisa vilikuwa paa moja. Asubuhi mwalimu alifundisha herufi, jioni alifundisha sala, Jumapili aliongoza ibada padri akiwa safarini. Bibi yangu alisomeshwa na mtu wa namna hiyo, na mpaka anakufa alikuwa akimtaja mwalimu wake kwa heshima ambayo mapadri wengine hawakuipata. Serikali ilipozichukua shule za misheni, karibu na mwaka 1970, kazi hizo mbili zikatengana. Sasa shule binafsi za makanisa zimerudi, na sisi wazazi tumerudi na kumbukumbu ya bibi zetu. Tunadhani anayeongoza sala vizuri ndiye huyo huyo anayejua kufundisha kukopa. Inawezekana. Ila siku hizi inabidi uhakikishe.

Na namna yangu ya kuhakikisha ni daftari. Si daftari la mwanao peke yake. Kama una jirani ambaye mtoto wake yuko darasa hilo hilo na ni wa mwisho mwisho, omba na la kwake. Weka yote mawili mezani. La mtoto anayeongoza litakuwa zuri tu, kwa mwalimu yeyote. Tazama la yule wa mkiani. Je, kosa limewekewa alama ya kosa tu, au mwalimu ameandika kitu pembeni? Kuna mahali amemrudishia hesabu afanye tena? Marudio yale yamesahihishwa? Mwalimu anayechukua dakika mbili kwa mtoto wa arobaini, wakati hakuna mzazi wala mkaguzi wala mchungaji anayemwona, huyo amenionyesha imani yake kuliko pambio lolote. Mimi simtafuti Mkristo aliye pia mwalimu. Namtafuta mtu ambaye Ukristo wake umo ndani ya kalamu nyekundu.

Jambo la pili ni kinywa. Siku moja fika shuleni bila taarifa, simama mbali kidogo kama unasubiri mtu, usikilize anavyowaita watoto. Nimewasikia kwa masikio yangu walimu wanaosali vizuri sana wakimwambia mtoto wa Kimakonde "wewe wa porini". Mtoto kaongea lafudhi ya kwao, darasa zima likacheka, na aliyeanza kucheka ni mwalimu. Hapo hata kama Kiingereza chake kinatiririka kama mto Ruvuma, mimi namwondoa mwanangu.

Wamisionari wenyewe hawakuwa watakatifu katika hili, wengine waliona kila chetu ni cha shetani. Lakini hapa hapa Masasi Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa dayosisi iliyoanzishwa mwaka 1926, alikaa na wazee akatafuta namna jando liendelee ndani ya Ukristo badala ya kulipiga marufuku. Unaweza kubishana naye, na wapo waliobishana naye. Lakini alijua mtoto anatoka wapi kabla hajamwambia anakwenda wapi. Mwalimu wa leo, mtoto akirudi kutoka likizo ya Desemba ametoka jandoni au unyagoni, anafanya nini? Anamdhihaki mbele ya wenzake? Anajifanya hajui? Au anamwita pembeni na kumwuliza anaendeleaje?

Na tusisahau nusu ya darasa wanaweza kuwa Waislamu. Hii ni Kusini bwana, si Moshi. Jirani yangu wa Mkuti, mtu wa swala tano, anawasomesha wanawe wawili kwenye shule ya kanisa kwa sababu anaiamini nidhamu yake. Aliniambia mwalimu wa kwanza aliyemkubali ni yule aliyempigia simu wiki ya kwanza ya Ramadhani kuuliza kama mtoto wa darasa la tano anafunga, ili asimpangie mbio za michezo saa nane mchana. Simu moja. Wala hakuna aliyemwambia apige.

Kuhusu fimbo nitasema kwa ufupi, kwa sababu ni jambo linalonikera na nikianza sitanyamaza. Wapo wanaojificha nyuma ya Mithali. Kanuni za nchi, za mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, avitoe mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Uliza kitabu kiko wapi. Mwalimu anayechapa watoto saba asubuhi kwa kuchelewa, kwa fimbo aliyoikata njiani, anavunja kanuni hata kama amefungua kipindi kwa sala.

Tuisheni ya jioni nyumbani kwa mwalimu, mtoto peke yake, mlango umefungwa: hapana. Hata awe mzee wa kanisa. Na wenye watoto wadogo, msiwapeleke bweni mkidhani masista watawalea. Tangu 2023 serikali imezuia bweni kwa walio chini ya darasa la tano, na ilikuwa na sababu.

Sasa ada. Hapa najua nitawaudhi wenye shule, lakini wenyeji watanielewa. Pesa yetu ina msimu. Minada ya korosho inaanza mwezi wa kumi, malipo yanapitia AMCOS, vyama vyetu vya ushirika, na kwa wengi wetu Januari ndiyo mwezi pekee ambao tunaweza kuingia ofisi ya mhasibu kifua mbele. Mwezi wa saba, muhula wa pili unapoanza, korosho imeshaliwa, na wakati huo huo ndio wa kupulizia mikorosho. Mzazi anachagua kati ya salfa na ada. Akiacha kupulizia, mwakani hana ada kabisa. Kwa hiyo anapulizia, na mtoto anakwenda shule akidaiwa.

Mwangalie mwalimu wa darasa mwezi wa saba. Si yeye anayeweka kanuni ya ada, na nakiri mshahara wake unatoka humo humo. Lakini yupo anayesoma majina ya wadaiwa mbele ya darasa, mmoja mmoja, wasimame, watoke. Binti yangu alisimamishwa hivyo mara moja. Alirudi saa nne asubuhi, begi mgongoni, akaingia moja kwa moja jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyemwambia aoshe. Na yupo mwalimu mwingine, nimemwona, anayewaandikia wazazi vikaratasi, anavikunja, anavichomeka kwenye madaftari, na mtoto hajui amebeba nini. Deni ni lile lile. Ofisi ni ile ile.

Tulimhamisha. Shule ya pili nayo ni ya kanisa, haina basi la njano, na majengo yake bado yanasubiri rangi. Nilikwenda na lile daftari la vema nyingi. Mwalimu wa hisabati, kijana mwembamba wa kutoka Nachingwea, alisoma kurasa zile nne polepole akatabasamu. "Mama," akasema, "huyu si mjinga. Ana kanuni yake na anaifuata. Inabidi tumpe nyingine." Hakusema lolote juu ya mwalimu aliyemtangulia. Hakunihubiria.

Wiki iliyofuata binti yangu akaniomba korosho ghafi mia nne na tatu. Nikadhani ni mchango mwingine. Kumbe mwalimu alikuwa anawafungisha kumi kumi kwenye vifuko vya plastiki, kisha vifuko kumi vinatiwa kwenye kopo moja la rangi lililokwisha. Kopo ni mia, kifuko ni kumi. Ukitaka kutoa nane na mkononi una tatu, fungua kifuko. Huna kifuko? Fungua kopo kwanza. Jioni binti yangu aliyapanga yote sakafuni, makopo manne na korosho tatu, akafungua kopo, akafungua kifuko, akanitazama kama mtu aliyegundua mahali nilipoficha sukari. 403 kutoa 178: 225.

Nilimwuliza yule mwalimu amejifunzia wapi jambo lile. Akasema Chuo cha Ualimu Mtwara, na mengine kwa mama yake, ambaye alikuwa akipima korosho kijijini.

Sijui hata anasali kanisa gani. Niliuliza mambo mengine yote, hilo likanipita.

Na bahati mbaya, wenye watoto shule binafsi mnajua inavyokuwa: ajira za serikali zikitangazwa, nusu ya walimu wazuri wanafungasha. Naye jina lake lilitoka. Alikuja kuaga akiwa na mkoba mmoja, akawaachia watoto makopo. Shule zikifunguliwa kutakuwa na mwalimu mpya, na kwenye kundi la wazazi la WhatsApp wameshaanza kumsifu kwamba ni mwimbaji mzuri wa kwaya. Mimi nimeweka alama kwenye kalenda, Ijumaa ya wiki ya tatu. Ndiyo siku nitakayoomba daftari.