Kabla ya mti kulikuwa na bakuli

Wengi tukisikia Ubuddha, picha inayotujia ni ya mtu aliyekaa chini ya mti, ametulia tuli. Mti wenyewe, ambao chini yake aliamka na kuuona ukweli, ulikuwa Bodh Gaya, katika jimbo la Bihar nchini India. Mimi naamini mambo yalianza kabla ya hapo, pale mtu aliyejishindisha njaa alipokubali kula.

Siddhartha Gautama, mtu huyo ambaye baadaye aliitwa Buddha, alizaliwa Lumbini, ambayo leo iko Nepal, katika jamaa ya watawala wa ukoo wa Shakya. Alipofika miaka 29 aliondoka nyumbani, akamwacha mke na mtoto mchanga. Kuondoka huko kunaniuma kila ninaposoma, na siwezi kukuita ushujaa tu. Kwa miaka 6 akautesa mwili wake. Maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya India, yanamwonyesha akisimulia mwenyewe: akitaka kugusa ngozi ya tumbo, mkono ulishika uti wa mgongo, akijipangusa, vinyweleo viling'oka na mizizi yake. Wenzake watano walikuwa wakimhudumia, wakingoja afikie ukweli aliokuwa akiutafuta.

Kilichomgeuza ni kumbukumbu ya utotoni. Baba yake akiwa kazini, yeye aliketi kivulini chini ya mti wa jambu, ndugu wa mzambarau wetu, moyo ukatulia wenyewe. Sasa akajiuliza: kwa nini niiogope raha ile, nayo haina tamaa ndani yake? Akala. Mapokeo yanasema kilikuwa chakula cha wali wa maziwa, na aliyempa ni mwanamke wa kijijini aitwaye Sujata. Wale watano wakamsusa, wakisema amerudia anasa.

Ndiyo maana hotuba yake ya kwanza, aliyoitoa Sarnath karibu na Varanasi mbele ya watano hao hao, haikufunguliwa kwa habari za mateso. Alianza kwa kukataa mambo mawili, kuzama katika anasa na kujitesa, akafundisha njia ya kati. Kweli nne, yaani mateso, chanzo chake, kukoma kwake na njia ya kuyakomesha, zilifuata baada ya hapo.

Na hapa ndipo tunapomkosea tukisema alifundisha kwamba "maisha ni mateso", tukaishia hapo. Dukkha, neno lake tunalolitafsiri "mateso", ni neno pana. Ni ugonjwa na kifo, ndiyo, lakini pia ni kutengana na umpendaye, kukaa na usiyempenda, kukosa ulichokitaka. Chanzo chake anakiita tanha, yaani kiu: kiu ya starehe, kiu ya kuwa fulani, hata kiu ya kutokuwepo kabisa. Kisha anasema kiu hiyo inaweza kukoma, na anaonyesha njia yenye sehemu nane, mojawapo ikiwa kutafuta riziki bila kudhuru wengine. Mwalimu wa kukata tamaa angehangaika na riziki yako kwa lipi?

Alipofika miaka 80, mhunzi aitwaye Cunda alimkaribisha mlo. Wasomi hadi leo wanabishana kama ilikuwa nyama ya nguruwe au uyoga. Baada ya kula alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Alipokuwa safarini kwenda Kushinagar, ambako angefia, alimwaza yule mhunzi. Akamwagiza Ananda, mhudumu wake: huenda watu wakamtia Cunda uchungu. Mwambie kuna milo miwili yenye thawabu kuliko yote, ule nilioula kabla ya kuamka kwangu, na huu wake.